Sauti Mbili Katika Karatasi Moja: Uhakiki wa Karatasi ya Mnada

Anayetafuta gari la raha kwa fedha ya kubana hukutana na maandishi kabla ya kukutana na gari lenyewe. Anasoma tangazo la dalali kwenye simu, au wakala anamtumia karatasi ya mnada kutoka Japani, na mara nyingi pesa yake huokoka au hupotea papo hapo, kabla fundi hajafungua boneti. Kwa gari la kwendea kazini, kosa la kusoma husameheka. Vipuri vya IST na Vitz havimsumbui mtu Kariakoo. Kwa Mark X, Crown, BMW au Mercedes C-Class iliyotumika, kosa hilohilo linaweza kula sehemu kubwa ya bei uliyonunulia. Ndiyo maana naona maandishi haya yanastahili uhakiki wa dhati. Tuyasome kwa fani yake: nani anasema, amepangaje anachosema, na wapi amenyamaza.

Tangazo la kawaida la Dar es Salaam husomeka hivi: “Mark X kali, namba D, imenyooka, injini na gia viko vizuri, AC inapiga baridi, haijawahi kupata ajali, kadi ipo, njoo na fundi wako, bei maelewano.” Ni fani ya vipande. Kila kipande kinajitegemea, na ukikiondoa kimoja vingine havitikisiki. Futa maneno “injini na gia viko vizuri” usome tena. Tangazo linabaki zima, na msomaji hana namna ya kujua kwamba kuna kitu kiliondolewa. Huo ndio udhaifu wake mkubwa wa kimuundo: haliwezi kuonyesha pengo.

Maneno yenyewe ni sifa, na hakuna aliyetajwa kuwa ndiye aliyepima. Ukanushi ni mmoja tu, “haijawahi kupata ajali”, nao unatolewa na mtu ambaye huenda amelijua gari kwa miaka mitatu, ilhali liliishi Japani miaka kumi kabla ya kupakiwa melini. “Namba D” nayo isomwe polepole. Herufi ya kwenye bamba inaeleza gari lilisajiliwa lini Tanzania, wala haigusi mwaka wa kutengenezwa. Mark X ya 2005 iliyoingia nchini ikiwa na miaka kumi na ile ya 2010 iliyoingia ikiwa na miaka mitano zinaweza kubeba herufi moja, na sisi tumezoea kuisikia herufi ya mbele kama ujana wa gari. Sentensi ninayoiheshimu katika tangazo zima ni “njoo na fundi wako”, kwa sababu ndiyo pekee inayokubali kwamba ukweli uko nje ya tangazo na inampa msomaji ruhusa ya kwenda kuutafuta.

Simaanishi kwamba dalali ni mwongo. Wapo madalali waaminifu, na baadhi yao wanayajua magari kuliko sisi wanunuzi. Nasema fani aliyopewa ina sauti moja tu, na sauti moja haina wa kuipinga.

Karatasi ya mnada imejengwa vingine. Mnada wa USS Tokyo uko Noda, mkoa wa Chiba, unafanyika kila Alhamisi, na maelfu ya magari hupita pale kwa siku moja. Iko minada mingine mingi nchini humo, mikubwa na midogo. Wanunuzi ni wafanyabiashara wanaolazimika kuamua kwa sekunde chache kila gari linapotokea kwenye skrini, hivyo ukurasa mmoja umebidi ufanye kazi ya macho na mikono. Mpangilio hutofautiana kutoka mnada hadi mnada, lakini mifupa yake ni ileile: visanduku vya taarifa, maandishi ya mkono, mchoro wa gari, na namba ya daraja kwenye kona.

Ukiitazama vizuri utaona kwamba wameiandika watu wawili. Sehemu moja ni ya muuzaji. Humo hutaja vifaa vya gari, husifu anachotaka kusifu, tena ana nafasi maalumu ya kuonya. Sehemu nyingine ni ya mkaguzi wa mnada, mtu ambaye gari si lake. Muuzaji ataandika: mmiliki mmoja, viti vya ngozi, redio na ramani ni za kiwandani. Mkaguzi ataandika: kitundu cha sigara kwenye kiti cha dereva, usukani umechubuka, kutu chini. Hawajibizani, ila wamewekwa ukurasa mmoja, na msomaji ndiye anayewakutanisha. Na muuzaji akificha kasoro aliyopaswa kuitaja, mnunuzi ana muda uliowekwa wa kulalamika mnadani, na mauzo yanaweza kuvunjwa. Nafasi ya kuonya ina nguvu kwa sababu kanuni hiyo iko nyuma yake.

Hapo ndipo karatasi inapolishinda tangazo kwa mbali. Kwa kuwa kila jambo lina kisanduku chake, kimya kinaonekana. Kisanduku cha ukaguzi wa lazima wa serikali, ule Wajapani wanaouita shaken, kikiwa kitupu, maana yake kwa kawaida ni kwamba muda umekwisha na mwenyewe hakuulipia tena. Ukaguzi huo hufanyika gari jipya likifika miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na gharama yake ni miongoni mwa sababu za Wajapani kuachana na magari ambayo sisi tungeyaendesha miaka kumi zaidi. Kodi yao ya kila mwaka nayo hupanda kwa ngazi za ukubwa wa injini, na gari la petroli likipita miaka 13 huongezewa kodi. Sedani ya kifahari yenye injini kubwa inamlemea mwenyewe hata ikiwa imeegeshwa. Ndiyo maana unaikuta mnadani ikiwa nzima na bei yake imelala.

Mwaka huandikwa kwa hesabu ya enzi za wafalme: H22 ni mwaka wa 22 wa Heisei, yaani 2010, na kanuni ni kuongeza 1988. Herufi R katika kisanduku hicho ni enzi ya Reiwa iliyoanza Mei 2019, nayo huongezewa 2018. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kisanduku hiki kidogo ni ghali mno. Kenya haipokei gari lililozidi miaka minane. Tanzania inalipokea, lakini gari la kutembelea lililozidi miaka minane huongezewa ushuru wa uchakavu wa asilimia 15, na likizidi miaka kumi ni asilimia 30. Tena karatasi hutaja mwaka wa usajili wa kwanza, wala si wa kutengenezwa, na forodha inauangalia wa kutengenezwa. Gari lililotoka kiwandani Desemba na kusajiliwa Januari lina mwaka mmoja ambao karatasi haiuonyeshi.

Sasa namba ya kona. Daraja 5 na 4.5 ni magari yaliyotunzwa sana, 4 ni zuri lenye mikwaruzo ya kawaida, 3.5 na 3 yamechakaa zaidi, na R ni gari lenye historia ya kutengenezwa baada ya kuumia mifupa. Wateja wetu wengi husoma hapo tu. “Nitafutie nne na nusu” limekuwa agizo kamili kwa wakala. Naona namba hiyo ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote katika karatasi, kwa sababu imekusanya mambo mengi ikayafanya kitu kimoja. Imeyatoa mahali pake. Gari la raha linataka ujue jeraha liko wapi, na namba imefuta “wapi” yote.

“Wapi” imo kwenye mchoro, na mchoro ndio moyo wa fani hii. Gari limechorwa likitazamwa kutoka juu, ubavu wa kulia na wa kushoto vimekunjuliwa, limetandazwa kama ngozi ya mbuzi iliyowambwa juani. Juu ya ngozi hiyo mkaguzi ametia alama. A ni mchubuko, U ni kibonyeo, B ni kibonyeo chenye mchubuko, W ni mawimbi ya bati lililonyooshwa na kupigwa puti, S ni kutu, P ni rangi iliyopauka. X ni kipande kinachotakiwa kubadilishwa, XX ni kilichokwisha kubadilishwa. Tarakimu ya pembeni ni ukubwa wa kasoro, 1 ikiwa ndogo. Alama hizi hubadilika kidogo baina ya minada, lakini msamiati ni huo. Katika lugha hii yote hakuna sifa hata moja. Huwezi kusema “imenyooka” kwa herufi hizo. Utakachoweza ni kuacha bati bila alama.

Tuzisome karatasi mbili. Nimeziunda kwa kuchanganya mambo ya karatasi nyingi za aina hii, ili tusijadili gari la mtu.

Ya kwanza ni Mark X 250G ya H22, namba ya muundo DBA-GRX130, kilomita 92,000, daraja 4, daraja la ndani B. Kisanduku cha gia kinasema FA, gia ya otomatiki iliyo sakafuni. Muuzaji amesifu: mmiliki mmoja, rangi ya lulu nambari 070, rimu za kiwandani. Kwenye mchoro, boneti ina XX. Fenda ya mbele kushoto ina XX. Mlango wa mbele kushoto una W2. Bampa ya mbele ina A2. Sehemu iliyobaki ni safi, ila kwenye kona ya nyuma kushoto kuna U1 moja.

Ukiishia kwenye namba 4 umeona gari zuri. Ukisoma mchoro umeona hadithi: gari hili liligonga au liligongwa mbele kushoto, kwa nguvu ya kutosha kubadilishiwa mabati mawili na kunyooshewa la tatu. Mbona si R? Kwa sababu kwa kanuni za Japani boneti, fenda, milango na bampa ni vipande vinavyofungwa kwa bolti, na kubadilishwa kwake hakuitwi historia ya matengenezo. Historia hiyo huanza pale jeraha linapofika kwenye mifupa: mihimili ya mbele, nguzo za milango, sakafu, ukuta ulio kati ya injini na miguu ya dereva, paa, au fremu ya mbele inayobeba rejeta ikiwa ni ya kuchomelewa. Gari hili liligongwa, ila pigo liliishia nje ya mifupa.

Karatasi ya pili ni Suzuki Swift Sport ya H25, muundo ZC32S, kilomita 71,000, daraja R, ndani B. Kisanduku cha gia kina herufi na tarakimu moja tu, F6, na kwa mpenda kuendesha hicho ndicho kisanduku kitamu kuliko vyote: gia sita za mkono. Boneti XX. Bampa A1. Mkaguzi ameandika kwa mkono kwamba fremu ya rejeta ilibadilishwa. Fenda zote mbili safi. Milango ina A1 mbili. Chini hakuna neno kutu. Muuzaji ametaja vifaa vya kiwandani, na mkaguzi hakutaja springi wala ekzosi ya kuongezwa. Namba ya muundo haina herufi ya Kijapani isomwayo “kai”, ambayo huongezwa gari likiwa limebadilishwa umbile na kusajiliwa hivyo. Kwa gari la michezo ningeitafuta herufi hiyo kabla ya kutazama hata kilomita, maana aliyelibadilisha hakulibadilisha ili aliendeshe polepole.

Tuziweke pamoja. Magari yote mawili yaligongwa mbele. Katika moja pigo lilitawanyika pembeni, likala mabati mawili na mlango. Katika jingine liliingia katikati, likapita bampa na kufika kwenye fremu ya rejeta. Namba zinasema 4 na R, tofauti ambayo mnadani hushusha bei kwa kiasi kikubwa. Mchoro unasema tofauti ni njia ya pigo. Fremu ya rejeta haishiki miguu ya gari. Shokapu na mikono ya chini vimefungwa kwingine, na kama mihimili ya nyuma yake haikupinda, gari litakwenda mstari mnyoofu na litakata kona kama lilivyotoka kiwandani. Ningekuta R kwa sababu ya nguzo ya mlango, sakafu, au sehemu ya juu inayoshika shokapu, ningelikataa hata kwa bei ya nusu. Herufi ni ileile, magari ni mawili tofauti, na namba ya kona haina uwezo wa kuyatenganisha.

Hata hivyo, mchoro una mpaka wake. Karatasi nzima ni fani ya ngozi na mifupa. Kuhusu pumzi ya gari inasema kidogo. Mkaguzi ana dakika chache. Ataandika injini ikitoa mlio au gia zikishtuka, lakini hatafungua chochote, na kimya chake kuhusu injini hakina uzito sawa na kimya chake kuhusu mlango. Mlango aliutazama. Hapa msomaji analazimika kuleta maarifa yake.

Mark X 250G inaendeshwa na injini ya 4GR-FSE, silinda sita, sentimita za ujazo 2,499, iliyokaa chini kidogo tu ya mpaka wa ngazi ya kodi ya Kijapani. Ni injini laini, tamu kwenye barabara ndefu, na gari lenyewe linasukumwa na magurudumu ya nyuma, jambo linalozidi kuwa adimu. Lakini petroli yake hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda. Haipiti juu ya vali za kuingizia hewa, kwa hiyo haizioshi, na masizi hujijenga humo. Tatizo hilo linajulikana sana kwenye Lexus IS 250, yenye injini hiyohiyo. Dalili zake ni mtetemo gari likiwa limesimama na nguvu kupungua polepole, na hazina herufi kwenye mchoro. M16A ya Swift Sport, lita 1.6 na nguvu za farasi 136, inapulizia petroli kabla ya vali, kwa njia ya zamani. Inapiga kelele zaidi na haina ufahari wowote, lakini ugonjwa huo haina, na gari zima lina uzito wa tani moja na kidogo.

Kwa magari ya Ujerumani kimya hiki ni kizito zaidi. Mercedes C-Class W204 yenye injini ya M271 inaweza kupata 4.5 ya haki huku mnyororo wa ndani ya injini umelegea. BMW 320i E90 inaweza kuwa na mchoro usio na alama hata moja huku sili za vali zake zimekauka na inakula oili. Bei ya kuyanunua imeshuka pamoja na umri wake. Bei ya vipuri halisi haikushuka nayo, na hapo ndipo wengi wetu tunapoangukia. Mwenye fedha ya kununua Mercedes tu, bila akiba ya kuitengeneza, ananunua nusu ya gari.

Liko jambo jingine ambalo karatasi haiwezi kulijua, kwa kuwa liko Dar es Salaam. Mteja anayechagua R ili aokoe pesa hufikiri ushuru nao utashuka. Haushuki. Mamlaka ya Mapato, TRA, hukadiria kwa thamani iliyo kwenye mfumo wake, kwa aina ya gari, muundo na mwaka, na daraja la mnada halimo humo. Swift ya lita 1.6 iko kwenye ngazi ya ushuru wa bidhaa wa asilimia 5, Mark X ya lita 2.5 iko kwenye asilimia 10. Yote mawili yamepita miaka kumi na yatabeba ile 30 ya uchakavu, juu ya ushuru wa forodha na VAT. Unafuu wa R ni wa mnadani peke yake, na ni lazima uwe mkubwa vya kutosha kusimama wenyewe.

Nikiyapima yote, ningechukua Swift. Mark X ni gari la heshima zaidi, na kwa anayesafiri Dodoma kila wiki na familia nyuma ningempa hilo, lakini baada ya fundi kupima silinda na kuzisikiliza. Kwa anayetaka raha ya kuendesha, gia sita za mkono, uzito mdogo, injini isiyo na siri na jeraha linalojulikana mahali pake vina thamani kuliko daraja 4 lenye ubavu uliopigwa puti.

Kabla ya kuweka dau ningemwomba wakala picha nne: fremu ya rejeta ikitazamwa kutoka juu boneti ikiwa wazi, mihimili miwili ya mbele kwenye maungio yake, sehemu ya juu ya shokapu kulia na kushoto, na namba ya chesisi iliyogongwa kwenye bati. Kwenye mihimili natafuta mikunjo, rangi isiyofanana na matone ya kuchomelea. Namba ya chesisi naisoma tarakimu kwa tarakimu na ile ya kwenye karatasi. Picha zikiwa safi, dau langu ni bei ya R, si senti zaidi. Wakala akisema hawezi kuzipata, nasubiri Alhamisi nyingine.